Bundi kwenye Jezi Nyeupe

Watu wengi wakienda uwanjani wanaangalia mpira. Mimi nilikuwa naangalia nguo kwanza. Sisemi ni tabia nzuri. Mume wangu alikuwa mlinda mlango, gardien kama tulivyosema Kisangani, na tukirudi nyumbani aliniuliza: "Uliniona vile niliruka?" Mimi nikamjibu kwamba nimeona mshono wa kwapa umeachia. Alinicheka. "Weye unaendaka kuona mupira ao unaendaka kufua?" Lakini kila mtu anaona kwa jicho alilopewa. Langu lilifundishwa na masista, na baadaye na foyer social, ile nyumba ya wanawake ambako tulijifunza kushona, kutarizi, na kupika supu ambayo hakuna mwanaume wa Mangobo, mtaa wetu, aliyekubali kuila. Darasani sikufika mbali. Kwa hiyo nikiandika juu ya nguo za timu, na alama yake, na nani ni mwenye timu, msomaji anipime taratibu. Nimejaribu kumpa kila mmoja haki yake, hata yule ambaye mpaka leo sijui haki yake ni ipi.

Timu yetu ilianzishwa na fundi cherehani mmoja, Mwislamu wa Maniema kama baba yangu, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Wote tulimwita papa fundi. Alikuwa kapteni ingawa miguu yake ilikuwa imeanza kuchoka, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia akae. Nusu ya wachezaji walikuwa watu wa Maniema na Kivu. Nusu nyingine watu wa mto, wa Yanonge na Isangi, kama mume wangu.

Jezi za kwanza papa fundi alizishona mwenyewe kwa amerikani. Juu ya rangi walibishana mpaka mvua ikawafukuza uani. Watu wa Maniema walitaka kijani. Watu wa mto wakasema kijani ni rangi ya majani, wao si mbuzi. Mwishowe walichukua buluu, si kwa kupatana, ila ile dawa ya buluu ya kufulia ilipatikana kila duka. Walizichovya katika pipa, wakazianika juu ya ukoka, na zilipendeza sana hadi mvua ya kwanza. Mvua ilipowapiga katikati ya mchezo rangi ilishuka yote mwilini. Walitoka uwanjani na matumbo ya buluu, na wanawake wa timu ile nyingine wakaimba, "Ba mama, muoshe bwana zenu!" Alama kifuani hatukuwa nayo. Alama yetu ilikuwa matumbo hayo.

Je, nilizipenda? Hapana. Zilikuwa mbaya. Kola zilipinda, na mikono haikulingana. Lakini kuna jambo moja nililoliona baadaye tu: katika nguo zile hakuna mtu aliyewahi kuuliza timu ni ya nani.

Ndipo akaja patron, bosi wa mume wangu. Patron alikuwa Mgiriki mwenye duka kubwa la vitambaa, makayabu, yaani samaki wa chumvi, na mafuta ya taa karibu na mto, na mume wangu alikuwa mtunza ghala wake. Siku ya mvua ile alikuwapo. Alicheka mpaka akajifuta macho, mume wangu alimwona. Kisha akanyamaza, akamwita: "Nani anavalisha nyinyi?" Mume wangu akamwonyesha papa fundi. Patron akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mgonjwa asiye na blanketi. Naandika hili kwa sababu wengine walisema baadaye kwamba alikuja kutununua tangu mwanzo. Mimi nadhani siku ile alituonea huruma. Huruma na kununua vinaweza kukaa katika mtu mmoja.

Alikuja katika ua wa papa fundi, akakalishwa kwenye kiti cha mashine. Alisema Kiswahili cha duka, kile kisicho na mlango wa nyuma, na jezi aliziita maillot.

"Mimi nitaleta maillot ya Ulaya. Mipira mupya. Viatu, kwa ule anapenda viatu. Mimi itakuwa papa ya timu."

Watu walipiga makofi. Papa fundi alingoja yaishe.

"Papa ya timu, patron, ao mwenye timu?"

"Iko moja tu, hapana?"

Makofi yakarudi, lakini sasa yalikuwa ya watu wanaoangaliana. Patron alipoondoka papa fundi alikohoa, akasema, "Mwenye kukuvalisha anajuaka vifungo viko wapi."

Mshambuliaji mmoja, kijana wa Isangi mwenye mdomo, akamrukia: "Papa fundi, weye unaogopa tu atakunyanganya mashine!" Wakacheka wote, hata papa fundi kidogo.

Mimi nilikuwa upande wa patron siku ile. Niliwaza: mtu anayetoa mali yake anataka ionekane. Hata mama wa sokoni anatia uzi mwekundu kwenye kikapu chake kisipotee. Kwa nini Mgiriki asiwe na haki hiyo? Bado naona hoja yangu haikuwa mbaya. Ila sikuwa nimeiona alama yenyewe.

Jezi zilifika kwa meli. Nyeupe, pamba nzito, kola nyekundu ya kufunga kwa kamba, ila ya gardien ilikuwa nyekundu yote. Sijawahi kushika nguo ya wanaume iliyokatwa vizuri vile. Vifua vyake vilikuwa vitupu. Patron alimwambia mume wangu, "Bibi yako alisoma foyer, anajua broderie, kutarizi. Atatia alama ya duka." Akampa karatasi yenye picha, nyuzi za hariri, na jezi zote ndani ya sanduku.

Mume wangu aliingia nyumbani, akaweka sanduku chini, na karatasi akailaza mezani uso chini. Mama yake alikuwapo, bokilo wangu, aliyeletwa kutoka Yanonge kutibiwa mguu hospitalini. Mume wangu hakutaka kuketi.

"Iko nini?" nikamwuliza.

"Angalia weye peke yako. Usionyeshe mama."

Nikaigeuza. Alikuwa ndege mwenye uso wa duara na masikio mawili ya manyoya, amesimama juu ya tawi akielekea kulia, macho yake mawili yananiangalia wima. Bundi.

Sijui nielezeje kwa mtu asiyetoka kwetu. Bundi kwetu si ndege. Ni mtu aliyekuja kukuhesabu. Akilia juu ya nyumba, asubuhi watu wa nyumba hiyo wanaulizana nani ameota nini. Watu wa mto na watu wa Maniema, ambao hawakupatana hata juu ya rangi ya nguo, kwa bundi walipatana. Kwa Kiswahili alikuwa bundi, kwa Lingala esulungutu, na kwa lugha zote mbili alikuwa wa ndoki, yaani wa wachawi. Nilikuwa nimepita mbele ya duka lile mara nyingi, lakini kibao chake kilikuwa juu sana na kimeliwa na kutu. Sisi tulidhani ni uso wa mtu mwenye ndevu.

Bokilo akauliza kutoka kitandani, "Munaficha nini?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna gani iko na karatasi?"

Aliinuka na mguu wake mbovu, akaja, akaona. Hakupiga kelele. Alichukua mkeka wake, akatoka nje, akaukunjua chini ya paa la jiko. "Mi nitalala hapa. Ule mugeni akitoka, muniite."

Nilimwambia mume wangu twende kwa patron tumweleze, kwa sababu mtu asiyejua huelezwa. Tulikwenda pamoja, saa ya duka kufungwa. Mume wangu alisema kwa adabu sana, kofia mkononi, kwamba watu hapa wanamwogopa ndege huyu, kwamba ni kama kumvika mtu msalaba wa kaburi. Patron alisikiliza. Nitakuwa mwongo nikisema hakusikiliza. Kisha akatuonyesha picha ya zamani ukutani, mzee mwenye masharubu mbele ya mlango mdogo wa duka, na juu ya mlango bundi.

"Papa yangu. Kwetu ndege huyu iko ndege ya akili. Papa yangu alikufa, duka likaungua, mimi nikakuja Congo na sanduku moja na huyu." Akagusa picha ile kwa kidole. "Sasa batu wananiambia papa yangu iko ndoki?"

"Hapana, patron, hatusemi..."

"Munasema." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, niliyaona, na sauti yake ilikuwa imekuwa ngumu, niliisikia pia. "Timu haitaki ndege yangu, haitaki maillot yangu. Bon. Lakini weye unakula kwangu. Gardien asiyetaka ndege yangu, atafute patron ingine."

Hapo ndipo jambo lote lilipokaa, na halikutoka tena. Nyumba yetu ya Mangobo ilisimama juu ya kazi ile. Mtu asiye na kazi hakuachwa akae cité, mtaa wa Waafrika. Bula Matari, yaani serikali ya wazungu, alimrudisha kwao. Na kwao mume wangu palikuwa mbali na hospitali iliyokuwa ikiufunga mguu wa mama yake. Njiani kurudi nyumbani alisema neno moja tu: "Anza na zile kubwa."

Nilikwenda kwanza kwa papa fundi. Nilimkuta anapitisha uzi kwenye mashine, miwani puani. Nikamwambia yote. Alitoa mguu kwenye kanyagio.

"Tarizi, mutoto yangu. Usipoteze nyumba sababu ya ndege."

"Na wachezaji, papa? Watavaa?"

"Weye fanya kazi yako. Siku ya mechi mi nitafanya yangu."

"Utafanya nini?"

"Mama, mudomo moja inatosha."

Sikumwuliza tena. Alikuwa mkubwa kwangu, na pia nilifurahi kwamba kuna mtu mwenye shauri.

Nilitarizi mchana, mlango umefungwa, na joto la nyumba ile nalikumbuka mpaka leo. Mlango uliofungwa mchana kwetu ni neno peke yake. Majirani walianza kuuliza. Mmoja wao, mke wa dereva wa lori la Bafwasende, mwanamke mwema aliyenifundisha kupika pondu, yaani kisamvu, kwa mawese ya kwao, aliingia bila kubisha kuomba chumvi, akamwona bundi wa tatu au wa nne juu ya magoti yangu. Chumvi aliisahau. Tangu siku hiyo nikifika bombani wanawake walinipisha nichote mbele. Mtu angedhani ni heshima.

Na mimi je, niliogopa? Nimejiuliza sana. Nilikuwa Mkristo wa masista kwa upande mmoja na mtoto wa Maniema kwa upande mwingine, na pande zote mbili zilitaka niache. Lakini mkono ukishazoea kazi una kiburi chake. Nyuzi za hariri zilikuwa nzuri. Manyoya ya kifua niliyafanya kwa mshono wa kujaza, uzi baada ya uzi bila nafasi, na macho kwa manjano yenye kitone cheusi. Naweza kusema hili bila kujivuna, kwa kuwa halikunisaidia kitu: walikuwa bundi wazuri. Mume wangu akirudi kutoka kazini aliwafunika kwa shuka kabla ya kula.

Jezi zilipokwisha, patron alizichukua mwenyewe kwa gari. Alizigeuza-geuza, akaniita madame. Alisema zitakaa dukani mpaka siku ya mechi zisichafuke.

Mechi ilikuwa na timu ya ng'ambo ya mto, watu wa reli, wakubwa na wenye maneno. Uwanja ulijaa mapema. Patron alikaa mbele na mke wake, kwenye viti vyao wenyewe, mwavuli juu. Wachezaji walivalia katika banda la zamani la pamba nyuma ya goli. Mimi nilisimama nje na ndoo ya maji, kama kawaida yangu, na nilisikia sanduku likifunguliwa.

Kisha sauti ya papa fundi: "Geuzeni. Ndani iende inje. Muzungu ataona maillot yake, sisi hatutaona ndege yake. Haraka."

Nikaelewa shauri lake, nikaweka ndoo chini. Maana nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Papa fundi alikuwa mtu wa mashine. Kwa mashine, ndani ya tarizi ni vurugu, mafundo na nyuzi zinazoning'inia. Ukigeuza nguo huoni kitu. Lakini masista walitupiga vidole kwa rula kwa sababu ya upande wa ndani. Sista wetu hakuangalia kamwe uso wa kazi. Alikuwa anaichukua na kuigeuza kwanza. Upande wa ndani ulitakiwa uwe safi kama wa nje, na mshono ule wa kujaza unajaza pande zote mbili.

Papa fundi alitoka na jezi mikononi, imegeuzwa. Bundi alikuwa palepale, mzima, ila sasa alielekea upande mwingine.

"Mama, iko nini hii?"

"Iko broderie, papa."

"Nani alikufundisha kutarizi mara mbili?"

"Si mara mbili, papa. Ni mara moja. Masista..."

"Masista!" Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyefaulu mtihani usiotakiwa. "Mutu anashona inje ionekane. Ndani iko ya nani?"

Nyuma yake kijana wa Isangi alitokeza kichwa, kifua wazi. "Papa fundi, mi sivai! Kule alikuwa anaelekea kulia, sasa anaelekea kushoto. Anatafuta mutu!" Mtu mmoja ndani alicheka, cheko la woga, na wawili watatu walianza kuvaa mashati yao ya nyumbani.

Refa akapiga filimbi ya kuita. Ng'ambo ya uwanja watu wa reli walikuwa wameshatoka, wanaruka-ruka.

"Bon," papa fundi akasema. "Fumua."

Nikamtazama mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na jezi yake, ya gardien, nyekundu yote, bundi kifuani. Kufumua ilikuwa rahisi. Nyumba ndiyo iliyokuwa ndani ya nyuzi zile. Kutoka pale tuliuona mwavuli wa patron.

Papa fundi naye aliona. Hakumwamrisha. Alisema taratibu, "Ndugu, sema weye. Ukisema wavae, nitawaambia wavae. Hawatavaa, lakini nitawaambia."

Filimbi ikapigwa mara ya pili.

"Fumueni zenu," mume wangu akasema. "Ya kwangu muache."

"Papa," nikamwita mume wangu.

"Mama, acha."

Kinyozi aliyekuwa kando ya uwanja alitupatia wembe. Nilikata nyuzi upande wa ndani, wao wakavuta kwa vidole, wengine kwa meno. Hariri ilitoka nyuzi nyuzi, ya kahawia na ya manjano, ikajaa miguuni petu kama nywele. Pamba ilibaki na matundu madogo na umbo la ndege, jeupe juu ya jeupe. Kazi yangu ya siku zote zile ilikwisha kabla refa hajakasirika. Walitoka mbio. Mume wangu alitoka wa mwisho, peke yake, akitembea.

Uwanja ulimwona. Kwanza kelele zilishuka, kisha zikapanda upande mmoja baada ya mwingine: "Bundi! Bundi! Esulungutu!" Wanawake waliokuwa karibu nami walichukua viti vyao vidogo wakahama. Sikuwalaumu. Kama ingekuwa mume wa mwingine, labda ningebeba kiti changu pia.

Nimeona mechi nyingi, na nikisema hakukuwa na nyingine kama ile sizidishi. Washambuliaji wa reli walifika mpaka mbele ya goli na miguu yao ikakataa. Walipiga kutoka mbali, juu, kando. Mmoja alibaki yeye na mume wangu tu, akautazama mpira, akamtazama ndege, akautoa mpira nje mwenyewe kama mtu anayemfukuza mbwa. Lakini na walinzi wetu walikuwa vilevile. Hawakumrudishia mpira. Hawakusimama karibu naye. Kila kona mume wangu aliruka peke yake katika goli tupu, akaanguka, akainuka, na hakuna mkono uliomnyanyua. Alicheza vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Hilo nililiona, mara ile moja sikuangalia mishono.

Tukashinda. Kijana wa Isangi alifunga, na hakushangilia. Aligeuka kumtazama gardien wetu kana kwamba anamwuliza kama goli lile amelilipia kwa roho ya mtu. Filimbi ya mwisho ilipolia, mtu mmoja tu alipiga makofi kwa nguvu, naye alikuwa patron. Alikuja mpaka katikati, akamshika mume wangu mabega yote mawili, akambusu shavu mbele ya watu. "Unaona? Ndege ya akili!" Kisha akawageukia wengine kuwashika mikono, akaona vifua vyao.

Alinyoosha kidole, akagusa matundu kwenye jezi ya papa fundi, polepole, kama mtu anayegusa kidonda. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi," papa fundi akasema.

Hakusema kwamba ni mimi niliyekata nyuzi. Nami sikusema, na hakuna aliyeniangalia. Papa fundi alivua jezi yake palepale, akaikunja vizuri kama anayempelekea mteja, akampa kwa mikono miwili. Wengine wakavua. Walisimama matumbo wazi katikati ya uwanja, washindi, na patron akazibeba jezi hadi kwenye gari, mke wake akimfungulia mlango. Mume wangu alianza kuvua yake. Patron akamkataza. "Weye baki nayo. Weye iko mutu yangu."

Kesho yake mume wangu alikwenda kazini, na kazi ilikuwapo. Bokilo aliendelea kufungwa mguu hospitalini. Nyumba ilibaki. Siku zile zote nilikuwa nangoja furaha ije, maana tuliloliogopa halikutokea.

Siku chache baadaye alikuja papa fundi. Alikaa nje na bokilo, kwenye mkeka wa jikoni, hakuingia. Alikunywa maji yote kabla ya kusema.

"Ndugu, tunarudia maillot yetu ya buluu."

"Vizuri," mume wangu akasema. "Nitakuja kuchovya."

"Vijana wamekataa."

"Wamekataa buluu?"

Papa fundi alikohoa muda mrefu. "Wamekataa kusimama na weye. Nimesema nao. Nimesema: huyu alivaa sababu ya mama yake, alivaa nyinyi muvue. Wanasema, ndiyo, papa, tunajua, iko mutu muzuri. Lakini wanaogopa kukupa mugongo."

"Na kama nachoma ile maillot? Mbele yao?"

"Si maillot, ndugu yangu. Tulishinda, na wanaona ni ndoki yako ilishinda."

Bokilo alisema, "Basi mungeshindwa, nyinyi wajinga," na papa fundi akakubali kwa kichwa kwamba ndiyo, ingekuwa afadhali.

Nimewaza sana juu ya yote hayo. Timu ni ya nani? Ya yule aliyeinunulia nguo? Yeye alitoa mali na akatoa uso wa baba yake, na tukauvuta kwa meno. Ya papa fundi, aliyeianzisha? Hata yeye hakuweza kumweka golini mtu aliyempenda. Ya vijana waliokimbia? Ya wale wanawake waliobeba viti vyao? Nikimpa mmoja, namwona mwingine amesimama nyuma yake na haki yake mkononi. Mume wangu hakuwahi kuuliza. Aliulizwa na patron na papa fundi ni mtu wa nani, na akajibu mara moja tu, kwa kuvaa.

Uwanja haukuwa mbali na kwetu. Jumapili tulisikia kila kitu. Mara ya kwanza walipocheza bila yeye alikaa mlangoni akimenya mihogo pamoja nami, jambo ambalo hakulifanya kabla. Kelele zilipanda upande wa magharibi wa uwanja.

"Kona," akasema.

Zikapanda zaidi, kisha zikakatika. Bega lake la kulia liliruka kidogo, kisu kikateleza juu ya muhogo.

"Ametoka mapema," akasema. "Ule gardien mupya. Anatokaka mapema sana."

Nikamwuliza kama wamefungwa.

"Bado," akasema. "Nyamaza kwanza."

Nikanyamaza, tukasikiliza.